Nitumie na ya kutoa

Kuna sentensi moja ambayo Mkenya yeyote anaielewa bila maelezo: "Nitumie na ya kutoa." Mgeni akiisikia atauliza, ya kutoa nini? Sisi hatuulizi. Tunajua ukinitumia soo mbili kavu, siwezi kuzishika soo mbili mkononi, maana njiani kuna wa kukatwa chake.

Wiki jana nilikaa chini na bei za M-Pesa, zile zimekuwa zikitumika tangu 2023, nikapiga hesabu. Kutuma 200 ni bob 7. Kuitoa kwa wakala ni bob 29. Kwa hivyo nikitaka shosh apate soo mbili taslimu huko ushago, mimi zinanitoka 236. Hiyo 36 ni asilimia 18 ya pesa yenyewe. Sasa shuka hadi mwisho wa hiyo orodha. Mtu anayetuma 250,000 kwa mpigo, ambacho ndicho kiwango cha juu, anakatwa bob 108. Basi. Ni kama asilimia 0.04. Hata tukisahau ya kutoa tuhesabu kutuma pekee, mimi na soo mbili zangu nalipa asilimia 3.5. Yaani kila shilingi yangu inalipa nauli zaidi ya mara 80 ya ile shilingi ya mkubwa.

Watu wengi wakifika hapo wanaanza kuitukana kampuni ya simu. Mimi hiyo stori imenichosha. Kampuni ni kampuni, iko pale kutafuta faida, na haijawahi kutudanganya kwamba iko kwa sababu nyingine. Maswali yangu ni ya jengo lingine kabisa, lile liko Haile Selassie Avenue: Benki Kuu ya Kenya. Tunaisikia tu wakati wa riba na wakati wa noti mpya. Lakini sheria imewapa wao pia kazi ya kusimamia njia zote ambazo pesa inapitia nchi hii, na ukifuatilia walivyoifanya hiyo kazi miaka 20 iliyopita utashangaa mara mbili. Kwanza utashangaa vile walikuwa wajasiri. Halafu utashangaa ujasiri ulienda wapi.

Tuanze na mtambo ambao hujawahi kuuona. Benki zote za Kenya zina akaunti pale Benki Kuu. Ndio, hata benki zina benki yao. Nikitoa pesa benki yangu kwenda yako, hakuna noti inabebwa na mtu. Mwisho wa siku kinachotokea ni kwamba akaunti ya benki yangu kule Haile Selassie inapunguzwa na ya benki yako inaongezwa. Zamani hiyo kazi yote ilifanywa kwa karatasi. Unaandika cheki, cheki inasafiri, maafisa wa benki mbalimbali wanakutana kubadilishana mafungu ya cheki, na wewe uko nyumbani siku kadhaa ukiomba Mungu isirudi. Fikiria kampuni inangoja milioni 30 hivyo.

Julai 2005 Benki Kuu ikawasha mfumo unaitwa KEPSS. Huu unahamisha pesa kubwa moja moja, saa hiyo hiyo, na ikishahama imehama. Hakuna kurudi. Kuwa na mfumo ni jambo moja na watu kuutumia ni jambo lingine, kwa sababu wenye biashara walikuwa wamezoea cheki zao. Sasa angalia walichofanya. Oktoba 2009 wakasema cheki ya zaidi ya milioni moja haikubaliwi tena. Ukitaka kulipa zaidi ya hapo, pitia kwa mfumo. Hawakubembeleza mtu, hawakutoa zawadi kwa wateja 100 wa kwanza. Mwaka wa 2011 hata zile cheki ndogo zikaacha kubebwa, benki ikawa inapiga picha na kutuma picha. Weka hiyo ya kutobembeleza kichwani, tutaihitaji.

Katikati ya hayo yote ndio M-Pesa ilizaliwa. Machi 2007. Wengi wetu tulikuwa watoto wadogo ama hata hatukuwepo, kwa hivyo tunadhani ilikuja tu kama mvua. Haikuja hivyo. Safaricom haikuwa benki, na sheria ya benki inasema anayepokea amana za watu lazima awe na leseni ya benki. Sheria ya malipo nayo haikuwepo kabisa. Afisa mwoga angesema rudini mlete leseni, na hiyo ingekuwa mwisho. Benki Kuu ikauliza swali la maana: pesa ya watu itakaa wapi? Jibu likawa kwamba itakaa kwenye akaunti ya wadhamini ndani ya benki za kawaida, na kampuni yenyewe haitaikopesha wala kuitumia kwa shughuli zake. Wakaridhika. Wakaandika barua kusema hawana pingamizi. Mapinduzi yote haya ya pesa za simu yalianza na barua.

Hapa kidogo nitoke nje ya barabara, kwa sababu kila nikiposti kuhusu pesa mtu ananiuliza: salio langu la M-Pesa ni la nani? Ni lako. Zile namba unaona kwa simu zinawakilisha shilingi halisi ambazo zimekaa benki chini ya wadhamini, tofauti na pesa za kampuni. Ndio maana kampuni haiwezi kuamka asubuhi ijengee mnara wa simu pesa yako ya rent. Huo mpango uliwekwa kabla ya sheria, na sheria ilipokuja ikaukuta pale ikauandika.

Benki nazo hazikukaa kimya. Mwisho wa 2008 kelele zilikuwa nyingi hadi kaimu waziri wa fedha wa wakati huo, marehemu John Michuki, akaagiza M-Pesa ikaguliwe. Ilikaguliwa, ikabaki. Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ilipitishwa 2011, kanuni zake zikafuata 2014. Ukihesabu, tulitumia huduma hii miaka minne bila sheria yake, na nchi haikuungua. Nikiwa mkweli, sidhani kuna uamuzi wa ofisi yoyote ya serikali ambao umebadilisha maisha yangu kushinda ile barua. Karo yangu ililipwa kwa simu. Matanga ya babu yalichangiwa kwa simu. Kazi yangu ya kuhariri vidio, ambayo mteja wa Kayole analipa thao na mwingine analipa 350 na ahadi, isingewezekana kama ningehitaji kila mmoja aniandikie cheki.

Shida ni kwamba mlango ukifunguliwa na mmoja akaingia wa kwanza, anakalia kiti chote. Leo takriban asilimia 90 ya soko la pesa za simu Kenya ni M-Pesa. Hiyo haikufika hapo kwa wizi. Walijenga mtandao wa mawakala kila kona, hata pale ambapo duka linauza vitu vitatu tu, moja ikiwa M-Pesa. Lakini pesa ina tabia yake: kila mtu anataka kuwa pale ambapo wengine wako. Mama mboga anachukua ile ambayo wateja wako nayo, wateja wanachukua ile ambayo mama mboga anakubali, na huo mzunguko ukishaanza hakuna ushindani wa bei unaweza kuuvunja. Hata ukinipa laini ya kutuma bure, nitamtumia nani?

Hapo ndipo msimamizi anafaa kuingia. Na aliingia kwa mwendo wa mat ya jioni pale Jogoo Road. Kwa miaka mingi mawakala wa M-Pesa hawakuruhusiwa kuhudumia mtandao mwingine. Waliovunja hiyo pingu 2014 walikuwa Mamlaka ya Ushindani, wala si Benki Kuu. Kutuma kutoka mtandao mmoja hadi mwingine moja kwa moja, simu kwa simu, kulikuja Aprili 2018. Hiyo ni miaka 11 baada ya M-Pesa. Kabla ya hapo aliyekuwa mtandao mwingine alikuwa anapata ujumbe wenye namba ya siri, anaenda nao kwa wakala kama mtu ameenda kuchukua mzigo wa posta. Kulipia dukani kwa namba ya tili kutoka mtandao wowote, Aprili 2022. Mwaka uliofuata wakatoa muundo mmoja wa msimbo wa QR kwa nchi nzima, ambao mimi nimeuona kwenye tangazo mara nyingi kuliko nilivyouona kwa duka.

Na kuruhusu kwa karatasi si sawa na kuzoeleka kwa kaunta. Nina laini mbili, kama wasee wengi, moja ya pesa na moja ya bando. Juzi nilikuwa na pesa kwa ile ya bando, nikataka kulipa maziwa na mkate kwa duka moja mtaani. Nikaweka tili, nikaweka PIN, nikapata ujumbe kwamba nimelipa. Mwenye duka akaangalia simu yake. Kimya. Akaniambia, "Hiyo yako haiingianga hapa." Nikamwonyesha ujumbe wangu. Akanionyesha simu yake. Tumesimama hapo dakika kama kumi, foleni nyuma yangu inanipima na macho, maziwa yameshikwa kama mateka. Ujumbe wake ulipofika alinipa vitu vyangu bila neno, na najua siku nyingine ataniambia tu nilipe na ile ya kawaida. Simlaumu. Yeye anauza kwa faida ya bob 5. Hawezi kuamini kitu ambacho wakati mwingine kinachelewa. Mfumo wa malipo ni uaminifu wa huyo mwenye duka, na hiyo haitoki kwa tangazo la kwenye tovuti.

Wengine wataniambia Benki Kuu haina nguvu juu ya bei. Ilikuwa nazo 2020. Tarehe 16 Machi, siku chache baada ya kisa cha kwanza cha korona nchini, ilitangaza kwamba kutuma hadi 1,000 kwa simu ni bure. Kiwango cha kutuma mara moja kikapanda kutoka 70,000 hadi 150,000. Ilikuwa ya dharura, ndio, na ilikubaliwa na kampuni, lakini iliwezekana ndani ya siku chache. Na iliendelea hadi mwisho wa Desemba mwaka huo. Nilikuwa sekondari, shule zimefungwa, na nakumbuka vile nyumbani tulibadilika bila hata kuongea. Kabla ya hapo mathe alikuwa anangoja zijae ndio atume mara moja, asikatwe mara mbili. Bei ilipoondoka akawa anatuma tu: 150 ya unga, 80 ya sukuma na nyanya, 300 kwa shangazi. Pesa ikaanza kutembea vile noti inatembea mkononi, kwa vipande. Januari 2021 ada zikarudi, ila hadi 100 ikabaki bure. Nyumbani tukarudia kungoja zijae.

Kwa hivyo, wakitaka kujua bei inafanya nini kwa watu wa chini, hawahitaji utafiti wa mtaalamu kutoka nje. Walifanya majaribio na nchi nzima kwa miezi tisa. Kampuni hazikufa.

Nisiwe mnafiki, kuna upande mwingine. Kutuma na kutoa ni vitu viwili. Kutuma ni kompyuta inabadilisha namba mbili, gharama yake ni ndogo sana. Kutoa kunahitaji binadamu aliyekaa kwenye kibanda na pesa taslimu, anaogopa wezi, analipa kodi ya kibanda, na analipwa kamisheni kutoka kwa hizo 29. Binamu yangu ni wakala. Ukiniambia kutoa kuwe bure nitakuuliza binamu yangu atakula nini. Serikali nayo iko ndani ya hizo ada: tangu Julai 2023 ushuru kwenye ada za kutuma pesa ni asilimia 15, na Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka ifike 20. Tunajua vile huo mswada uliisha. Kila mtu alikuwa anataja bei ya mkate, lakini hicho kipengele pia kilikuwa ndani, na kingekuwa juu yako kila siku, hata siku hauli mkate.

Hivyo mimi ninachotaka ni kidogo. Kutuma chini ya thao kuwe bure, moja kwa moja, mtandao wowote na benki yoyote. Ya kutoa ibaki kwa ajili ya wakala. Na watu wakizoea kutuma vipande vidogo bila kukatwa, haja ya kutoa yenyewe itapungua, maana muuzaji naye ataweza kulipa aliyemletea mboga bila kupoteza.

Hii si ndoto ya mtu wa mtandaoni. Brazil walifanya, na waliofanya ni benki kuu yao. Novemba 2020 walizindua Pix. Benki kuu ndiyo iliandika kanuni zake, na mtambo ni wao, wanauendesha wenyewe. Kisha wakafanya ile ya kutobembeleza: taasisi yoyote yenye akaunti zaidi ya 500,000 ilikuwa lazima ijiunge. Mtu wa kawaida kutuma ni bure. Unatumia namba ya simu, barua pepe, namba ya utambulisho wa ushuru, chochote ulichosajili, na haijalishi mwenzako ako benki gani. Usiku, Jumapili, Krismasi. Ndani ya miaka michache imeingia kila mahali, hadi kwa wauzaji wa ufuoni. Hapa karibu Tanzania wana TIPS, ambayo pia inaendeshwa na benki kuu yao. Sisi ndio tulioanza mbio hizi, na tuko hapa tunajadili nani ashike kijiti.

Kusema kweli tuna kitu kinachofanana. PesaLink, ya 2017, inakutumia pesa kutoka benki hadi benki papo hapo, hadi 999,999, saa yoyote. Ukimuuliza mtu wa rika langu atakwambia hajawahi kuitumia. Ni ya benki, imejengwa na chama cha benki, na kila benki inaiweka kwenye programu yake pale inapotaka, kwa bei inayotaka. Linganisha na zile cheki za milioni. Pesa kubwa ilipohitaji njia mpya, Benki Kuu ilijenga, ikaendesha, ikafunga njia ya zamani kwa amri. Pesa ndogo ilipohitaji, tukaambiwa soko litapanga.

Mkakati wa Kitaifa wa Malipo wa 2022 hadi 2025 ulikuwa na wazo la mfumo wa malipo ya haraka utakaounganisha benki na simu zote. Ni wazo zuri, na mjadala uliopo sasa ni kama ujengwe upya ama PesaLink ipanuliwe, ambayo ndiyo wenye benki wanapendelea kwa sababu wameshaweka pesa zao hapo. Kwangu mimi nani alimwaga simiti si kitu kikubwa. Ninachoangalia ni nani analazimishwa kujiunga, maana aliye na takriban asilimia 90 ya soko akiachiwa kujiunga kwa hiari yake, hana sababu ya kuharakisha. Naangalia pia nani anakaa kwenye meza ya kuamua bei. Wakikaa wenye benki na wenye simu peke yao, tutapata mtambo mpya wenye orodha ile ile ya ada, na rangi mpya. Na naangalia muda ambao ujumbe unachukua kufika kwa simu ya yule mwenye duka, kwa sababu hapo ndipo utakubaliwa ama utakufa.

Kabla ya mkakati wa 2022 kuzinduliwa, rasimu yake iliwekwa wazi watu watoe maoni. Nimeitafuta na kuisoma. Lugha yake inalaza, lakini iko pale, na sioni kwa nini maoni kuhusu mifumo ya malipo yaachiwe mawakili wa benki. Rasimu ya mkakati unaofuata ikiwekwa nitaposti hapa hiyo siku. Yangu nimeshaanza kuandika. Iko ukurasa mmoja na nusu, na bado sijafika kwa sehemu ya mawakala, ambayo binamu yangu amesema lazima aisome kwanza.